Kipupwe Hakiui Funza: Mwongozo wa Juni hadi Septemba kwa Mkulima wa Ngara na Biharamulo

Mwezi wa Julai, mahindi ya masika yakiwa yameshavunwa na mabua yamesimama makavu yanapiga kelele kwa upepo, ingia shambani na kisu. Tafuta bua lenye tundu dogo ubavuni, tundu ambalo mdomoni mwake kuna ungaunga kama wa msumeno. Lipasue kwa urefu, taratibu, kuelekea chini karibu na mizizi. Usipompata mwenyeji kwenye bua la kwanza utampata kwenye la tatu: funza mnene, rangi ya krimu, amejilaza kwenye njia aliyoichimba mwenyewe. Mguse. Atajinyonganyonga kidogo kisha atatulia. Hali, hakui, wala hana haraka na mtu.

Huyo ni funza wa mabua, yule wa maeneo ya miinuko. Aprili, alipokuwa anatafuna moyo wa mhindi wako, alikuwa na madoa mwilini na tumbo lisiloshiba. Bua lilipoanza kukauka akaacha kula, madoa yakafifia, akalala. Atalala hivyo kwa miezi. Mvua za kwanza za vuli zikililowanisha bua ataamka, atakuwa buu, kisha nondo, na usiku mmoja nondo huyo atataga mayai kwenye mahindi yako machanga. Malazi ulimpa wewe, na kifungua kinywa pia.

Nimeanza na huyu kwa sababu mara nyingi mtu akiulizwa atafanya nini na wadudu waliomsumbua masika, jibu ni kwamba kiangazi kitawamaliza. Hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotula.

Wenzetu wa nchi za baridi kali wana mlinzi ambaye sisi hatuna. Huko ardhi huganda, na mdudu asiyehimili kuganda hufa. Viwavijeshi vamizi, wale walioonekana Afrika mwaka 2016 na kwetu Tanzania mwaka 2017, kwao ni Amerika. Marekani hawavumilii majira ya baridi isipokuwa kusini kabisa, Florida na Texas, na kila mwaka hulazimika kuanza upya safari ya kupanda kaskazini. Mkulima wa Iowa husamehewa na barafu. Kwa hapa nchini, sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza chai na viazi, utaisikia Njombe, Mufindi na Kitulo. Kipupwe chetu ni cha adabu. Usiku wa Juni na Julai pale Rulenge au Kabanga utatafuta sweta na kusogea jikoni. Biharamulo, iliyo chini kidogo, baridi ni ya alfajiri, na saa nne jua limeshachoma. Ubaridi wa namna hiyo unampunguzia mdudu mwendo tu. Kiwavijeshi vamizi anayemaliza mzunguko wa maisha kwa siku 30 hivi kukiwa na joto, kwenye ubaridi anaweza kuchukua siku 60. Amechelewa, lakini yupo.

Kinachoua kwetu ni ukavu, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Ukavu huua kwa njaa na kiu, kwa hiyo aliyepata jani bichi, bua la kujifichia au gunia la kukaa ndani ameokoka. Fikiria daraja la Rusumo. Malori ya Dar es Salaam yanayokwenda Kigali kwa njia ile lazima yapite pale. Lifunge siku moja tu uone foleni itakavyojaa Benaco. Wadudu na magugu nao wana madaraja yao ya kuvukia kutoka masika hadi vuli: mabua yaliyosimama, mahindi ya bondeni, maotea, maharage yaliyowekwa ndani mabichi, mizizi ya sangari chini ya udongo. Kazi ya kiangazi ni kuyafunga, na kila daraja lina namna yake.

Mabua: yalaze, usiyachome

Wengi wanachoma. Moto ni rahisi, unasafisha shamba kwa dakika kumi, na kweli unaua baadhi ya funza. Mimi siupendi, hasa Ngara ambako mashamba mengi yamelala kwenye miteremko. Shamba lililochomwa Julai linakutana na mvua ya Septemba likiwa uchi, na udongo wa juu unashuka mzima kuelekea mto Ruvubu. Pia moto haumwulizi mtu: unaua siafu, buibui na wadudu wengine ambao kazi yao ya kila siku ni kula mayai na funza. Na Biharamulo, ambako mapori yako karibu, na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iko jirani, moto wa shamba ukiponyoka unakuwa kesi nyingine.

Njia ya bei rahisi ni jua. Kata mabua chini kabisa, usawa wa ardhi, kwa sababu wakati wa kulala funza wengi hushuka karibu na shina. Yalaze chini tambarare, tabaka moja, mahali peupe pasipo kivuli. Yaache wiki nne au zaidi. Bua lililosimama lina ubaridi wake ndani. Lililolala juani linapikika, na funza anapikika nalo. Usiyarundike chini ya mwembe, maana hapo umemjengea hosteli. Ukishamaliza mwezi, yatumie utakavyo: matandazo, chakula cha ng'ombe, uzio wa bustani. Anayetaka mabua ya uzio ayapitishe juani kwanza. Uzio wa mabua mabichi uliojengwa Juni ndio unaotoa nondo Oktoba, hatua kumi kutoka kwenye mahindi mapya.

Ng'ombe nao wanasaidia. Mfugaji akiingiza kundi lake kwenye shamba lililovunwa, mabua yanaliwa na mengine yanapondwa, na samadi inabaki. Tatizo ni pale anapokaa hadi mvua inaanza, ardhi inashindiliwa ikawa kama sakafu, au anapovuka hadi kwenye mihogo ya jirani. Kubalianeni tarehe ya kuingia na ya kutoka, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kabla ya kundi kufika. Na ujue kwamba samadi mbichi huja na mbegu za magugu zilizopita tumboni zikiwa hai. Ile ya zizini irundike, iloweke, igeuze mara mbili tatu hadi ipate joto na kuoza, ndipo uipeleke shambani.

Kwa wanaolima pamba upande wa Biharamulo, kuondoa mabaki ya shamba si jambo la hiari. Utaratibu wa zao hilo unataka maotea yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno, kwa sababu funza mwekundu wa vitumba hulala ndani ya mbegu na vitumba vilivyobaki. Hapo moto nakubaliana nao. Ng'oa pamoja na mzizi. Shina lililokatwa tu litachipua, na chipukizi moja la Agosti linatosha kumvusha.

Mahindi ya bondeni

Viwavijeshi vamizi hawalali. Hawana ule usingizi wa funza wa mabua hata kidogo. Wanahitaji jani bichi mwaka mzima. Kiangazi jani hilo liko mabondeni, kwenye mahindi yanayomwagiliwa ili yauzwe ya kuchoma kwa abiria wa mabasi pale Nyakanazi. Bei ya Agosti ni nzuri na sitamwambia mtu aache hela. Lakini kama bonde lenu lina wakulima kumi na kila mmoja amepanda wiki yake, mmepika chakula cha viwavijeshi bila kukatiza: wakimaliza kwa huyu, kwa yule mahindi ndiyo yanachanua majani laini. Pandeni ndani ya wiki moja au mbili, mvune pamoja, kisha bonde lipumzike bila mhindi walau mwezi mmoja kabla ya vuli. Muda huo lipandwe maharage, kabichi au mchicha. Jike moja la nondo huyu hutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake, kwa mafungu ya 100 hadi 200 yaliyofunikwa manyoya kama ya panya. Fungu moja ukilifikicha kwa vidole Agosti umejiokolea dawa nyingi Oktoba.

Hutawamaliza. Nondo anaweza kuruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja, na Burundi na Rwanda hazina ukuta. Ila shamba linalovamiwa na wachache waliotoka mbali huokoka kwa mkono. Linalovamiwa na waliozaliwa bondeni kwako humaliza mfuko wako.

Usiwachanganye na viwavijeshi wetu wa zamani, wale weusi wanaotembea kwa makundi na kumaliza malisho kwa siku mbili. Hao huja na mvua za mwanzo baada ya ukame, nondo wakiletwa na upepo. Kiangazi kikiwa kikali kuliko kawaida, jiandae nao.

Maharage: adui aliingia tangu shambani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maharage ndiyo benki ya nyumba nyingi za Ngara na ndiyo yanayoibiwa zaidi.

Bungua wa maharage haanzii ghalani. Anakuja shambani maganda yakiwa yanakauka, anapenyeza mayai kwenye nyufa za ganda, nawe unavuna harage zuri lenye mgeni ndani. Wiki kadhaa baadaye unaona vidirisha vya mviringo kwenye punje, kisha matundu, kisha unga. Mama wa nyumba anasema ghala lina mkosi. Ghala halina kosa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuwahi. Maganda yakiwa ya njano na mengi yameanza kukauka, ng'oa na peleka nyumbani. Kila juma unaloliacha shamba lisubiri wajukuu wafunge shule ni juma la mayai. Anika kwenye turubai, usianike ardhini, kwa sababu ardhi ya Juni huvuta umande wa usiku. Pura mapema, pepeta, toa punje zilizopasuka.

Halafu pima ukavu. Kuuma punje kwa jino ni kipimo cha wazee na si kibaya, lakini kuna kingine kisichobishana: chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa, na chumvi ya mezani iliyoanikwa hadi ikawa haishikani. Jaza punje robo ya chupa, tia chumvi kijiko kimoja, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, maharage bado mabichi, rudisha juani. Ikishuka chini yote ikaacha kioo safi, funga gunia. Kwa mahindi ni hivyo hivyo.

Ukishakausha, una njia mbili za kumkabili bungua. Mifuko ya PICS ina mifuko miwili ya nailoni ndani na gunia nje. Jaza, kamua hewa, funga kila mmoja peke yake kwa kukunja shingo na kuikaza. Waliomo watatumia hewa iliyobaki na kufa. Usiufungue kila jioni kuchota mboga. Weka ya kula kwenye debe tofauti, na mfuko uachwe hadi bei ya Novemba. Panya akiutoboa, kazi imekwisha, kwa hiyo uweke juu ya chanja mbali na ukuta.

Kama huna hela ya mfuko, kuna mbinu ambayo watu wakiisikia hucheka. Kijana wa bungua akitoka kwenye yai anahitaji karibu siku nzima ya kutoboa ganda la punje, na ili atoboe lazima ajikaze kati ya punje mbili. Ukilivingirisha gunia au debe asubuhi na jioni, punje zinahama, anapoteza pale alipoanza, anaanza upya, anachoka, anakufa. Usijaze gunia; liache nusu ili punje zicheze. Fanya hivyo wiki za mwanzo baada ya kupura, kila siku bila kukosa. Kwa aliye ndani ya punje tayari mbinu hii haifanyi kitu.

Kwenye mahindi ya ghalani adui mkubwa ni dumuzi. Huyu aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa namna alivyobeba mizigo ya watu wakulima walimbandika jina la Scania. Hupenda magunzi, kwa hiyo mahindi yaliyopukuchuliwa ni salama kuliko yaliyoning'inizwa jikoni na maganda yake. Ukitumia dawa ya unga, iwe ya nafaka, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa nchini, na uipime kama lebo inavyosema. Dawa iliyotolewa kwenye pakiti na kuuzwa kwa kijiko sokoni iache huko huko.

Mihogo: chagua mama kabla majani hayajaanguka

Muhogo hulala wima. Kiangazi hudondosha majani, husimamisha ukuaji, na husubiri mvua kwa akiba iliyoko kwenye mizizi. Ndiyo maana tunautegemea. Lakini kuanguka kwa majani kunaficha siri: batobato na michirizi ya kahawia huonekana kwenye majani, na Septemba, wakati watu wanakata mbegu, majani yenyewe hayapo au ni machipukizi tu. Unachagua pingili kwa macho yaliyofumbwa. Batobato kali iliyoenea Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipelekwa na nzi weupe, na pia na sisi wenyewe, kwenye mizigo ya pingili juu ya baiskeli.

Fanya hivi: mwisho wa Mei, majani yakiwa bado mengi, zunguka shamba. Mmea wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano, uache. Wenye majani ya chini yenye njano kama moshi kufuata mishipa, au shina lenye mistari ya kahawia, uache. Wenye afya ufunge kitambaa au kamba ya mgomba. Mwezi wa Septemba kata kwenye vitambaa tu. Ukiwa na mashaka, ng'oa mmoja uchane muhogo wenyewe: ukiona madoa makavu ya kahawia ndani, hiyo ni michirizi, na jirani zake hawafai kwa mbegu. Ugonjwa huu huharibu mizizi zaidi kadiri inavyokaa ardhini, kwa hiyo shamba lililoguswa livune likipevuka; usiliache livuke kiangazi cha pili ukidhani unaweka akiba.

Mashina yaliyokatwa kabla ya mvua yafunge mafungu, yasimamishe wima chini ya kivuli, sehemu ya chini ikiwa imezikwa kidogo kwenye udongo unaonyunyiziwa maji. Yaliyolazwa juani kwa wiki yameshakuwa kuni.

Kiangazi ndipo pia utitiri wa kijani na vidung'ata hujaa kwenye ncha za mihogo, majani yakanyauka na kujifunga kama ngumi. Mvua ndiyo huwaosha; bila mvua hustawi. Usikimbilie pampu. Vidung'ata waliteketeza mihogo ya Afrika miaka ya 1970 na 1980 hadi alipoletwa nyigu mdogo kuliko sisimizi kutoka Paraguay, anayetaga ndani ya mwili wa kidung'ata. Mwanasayansi Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu huyo bado yuko kazini. Dawa ya kupuliza inamwua yeye kwanza. Kinachosaidia ni kupanda mihogo mapema mwanzoni mwa mvua, ili ifike Juni ikiwa na shina nene la kustahimili. Ncha zilizoshambuliwa zivunje uzike.

Nguruwe pori, nyani na ngedere sina la maana la kukwambia zaidi ya kulinda. Porini kukikauka, muhogo wako ndio mto wao. Mashamba yaliyo pembeni ya hifadhi yapangiane zamu.

Viazi vitamu, migomba, kahawa

Haya kwa ufupi. Udongo ukikauka hupasuka, na fukuzi wa viazi vitamu huteremka kwenye nyufa hadi kwenye kiazi. Pandishia udongo kwenye matuta mwezi wa Mei, ziba nyufa kwa jembe, na vuna vilivyopevuka badala ya kuviacha ardhini hadi Agosti. Asiye na bonde la kutunzia marando achague viazi vidogo vizima visivyo na tundu, avipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu, na beseni likae ndani. Vitachipua humo. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vihamishie kwenye kitalu karibu na nyumba, mwagilia, na marando yatakuwa tayari wakati jirani anahangaika kuyatafuta.

Kwenye kibanja, matandazo ni lazima kiangazi, ila yasiguse mgomba; acha nafasi ya hatua moja kuzunguka shina, kwa sababu fukuzi wa migomba hupenda unyevu uliofunikwa. Magogo ya migomba iliyovunwa yapasue vipande virefu na kuyaacha juani. Na kisu: kiangazi migomba hukatwa sana kulisha ng'ombe, na kisu kimoja kinachotoka shamba hadi shamba ndicho kinachobeba mnyauko ulioingia Kagera mwaka 2006. Kipitishe kwenye moto hadi kishindwe kushikika kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ua dume, lile donge linaloning'inia mwisho wa mkungu, livunje kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu.

Kahawa ya maganda inavunwa miezi hii hii. Punje nyeusi zilizobaki mtini na zile zilizoanguka ndizo daraja la mdudu anayetoboa buni. Chuma zote, okota zote. Aliyeuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini, hana hamu ya kuokota, najua, na anayenunua butura hana hamu ya mti. Ndiyo sababu moja zaidi ya kuuchukia mtindo huo.

Magugu yanayosubiri

Sangari haina habari na kiangazi kwa sababu chakula chake kiko chini, kwenye mizizi mirefu myeupe yenye vifundo. Ukiikata vipande wakati udongo una maji, kila kifundo ni mmea. Wakati wake ni mwisho wa Juni, udongo ukiwa bado unakubali jembe la uma. Inua mabonge makubwa, yapindue, yaache hivyo hivyo bila kuyavunja. Jua litakausha mizizi iliyotokeza. Agosti yakung'ute mabonge, kusanya mizizi, choma. Ndago nayo iko hivyo: vile vitunguu vyake vikikaa juu ya udongo mkavu juani vinakufa, vikibaki chini vinangoja. Lakini usilipindue shamba zima kwa ajili ya kona mbili. Palipo na sangari pindua. Kwingine acha mabua na majani yafunike udongo.

Kiduha ni hadithi tofauti. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, laini kama ugoro, zinazoweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Ukavu hauziui, unazihifadhi. Zinachohitaji ni unyevu wa wiki moja au mbili, kisha harufu ya mzizi wa mhindi au mtama. Pita shambani Juni. Kila kiduha chenye ua la zambarau au jekundu king'oe kabla vifuko havijapasuka, kichome ndani ya shimo. Futa jembe na viatu unapotoka kwenye shamba lenye kiduha. Na vuli hiyo usirudishe mahindi pale: panda alizeti, soya, karanga, kunde au pamba. Mizizi ya mazao hayo hukidanganya kiduha kikaota, kisha kikakosa pa kunyonya. Wenye ng'ombe wanaweza kuingia kwenye kilimo cha sukuma-vuta, mhindi uliochanganywa na desmodiamu na kuzungushiwa majani ya malisho. Desmodiamu hudhibiti kiduha, hufukuza nondo, na kiangazi ni lishe.

Mvua ikigonga bati

Mwishoni mwa Agosti fuatilia redioni mwelekeo wa vuli unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mkoa wetu wa Kagera huwa wa mwanzo kupata mvua hizo, na huwa wa mwanzo kudanganywa: mvua moja kubwa ya Septemba, kisha wiki mbili za jua. Usipande kwa mvua hiyo moja. Itumie kwa jambo lingine. Kishona nguo na ndugu zake wataota kwa pamoja, zulia la kijani, baada ya siku saba hadi kumi. Wapitie kwa jembe juu juu, usichimbe kwenda chini, kwa maana ukichimba unaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala. Ndipo upande kwa mvua inayofuata. Kwenye shamba tambarare la Biharamulo palizi ya kwanza itakuwa nyepesi sana. Kwenye mteremko mkali wa Ngara sikushauri kusubiri hivyo. Mvua ya pili inaweza kukuta udongo umelegea na kuondoka nao, kwa hiyo andaa mapema, panda mvua ikitulia, na palilia ndani ya wiki tatu. Maharage pia hayapendi kucheleweshwa: yaliyopandwa nyuma ya wengine ndiyo yanayoliwa shina na funza wa inzi wa maharage.

Kumbikumbi wakishatoka na watoto wakawakimbiza chini ya taa, hesabu siku. Mahindi yakifika majani matatu au manne anza kukagua mara mbili kwa juma, asubuhi kabla jua halijapanda, wakati viwavi bado wako juu ya majani. Tembea kwa zigizaga, simama sehemu tano, kagua mimea kumi kila sehemu. Fungua moyo wa mhindi kwa vidole. Ukiona majani yenye vidirisha na unga mbichi kama wa msumeno kwenye mimea michache, bonyeza viwavi kwa mkono au tia mchanga au majivu kidogo ndani ya moyo. Ukiikuta zaidi ya kumi kwenye hamsini, mwite afisa ugani siku hiyo hiyo, kiwavi akiwa bado mdogo kuliko punje ya mchele, kwani akishanenepa na kuingia ndani dawa inamwagika juu ya kinyesi chake.

Na ukiwa hapo, mpigie hodi jirani aliyejenga uzio wa mabua.